Marehemu Kwenye Jalada la Evodia

Watu wa Dodoma wana magonjwa yao ya heshima: presha, vidonda vya tumbo, kikohozi cha vumbi. Dada Bupe wa masjala alikuwa na ugonjwa wake mwingine kabisa, na daktari wa kuutibu hajazaliwa. Alikuwa mgonjwa wa riwaya mpya. Si riwaya yoyote, jamani, mpya. Ya jana kwake ilikuwa kama ugali wa jana, anayeutaka aupashe mwenyewe. Na lazima iwe na mauaji. Riwaya ambayo imefika ukurasa wa kumi bila mtu kufa, Bupe aliifunga papo hapo na kumtumia mwandishi ujumbe wa kumtakia afya njema.

Alifanya kazi kule Mtumba, katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, maana wenyewe wana wanasheria wengi kuliko kazi. Masjala ndicho chumba yanamotunzwa majalada yote ya ofisi. Kila karatasi inayoingia hutobolewa matundu mawili, hufungwa kwa kamba ndani ya jalada, kisha huandikwa namba kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu. Namba hiyo ndiyo folio. Upande wa kushoto wa jalada hukaa karatasi za dokezo, ambako wakubwa huandikiana maoni, huyu akimshauri yule na yule akimuunga mkono huyu, mpaka jambo linafika kwa Mkurugenzi likiwa limeshauriwa vya kutosha.

Sasa, riwaya siku hizi haziji na lori. Zinakuja kwa simu. Bupe alikuwa kwenye makundi sita ya waandishi, analipia, anatumiwa faili, na kabla jua halijachomoza anajua nani ameuawa. Lakini kusoma kwenye simu ofisini ni kujitafutia balaa. Anayeinamia simu kazini ni mvivu, anayelikodolea macho jalada ni mchapakazi. Bupe alilijua hilo mapema. Kwa hiyo saa moja kasoro asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alikuwa ameshawasha mashine ya ofisi na kuchapa riwaya nzima kwenye karatasi za serikali, akaitoboa matundu mawili, akaifunga kamba ndani ya jalada. Halafu, kwa sababu mkono ukishazoea umezoea, akaitia folio kwa kalamu nyekundu. Maiti akionekana, folio ya tatu. Mjane akizimia, folio ya tisa.

Mwaka mmoja alisoma riwaya thelathini na mbili kwa njia hiyo. Mwaka huohuo, Mei Mosi, akapewa cheti cha mfanyakazi bora kwa umakini wake katika kupitia majalada. Alikitundika ukutani, na wala hakuona haya.

Aliyejua siri hii alikuwa mmoja tu, Evodia, mhudumu wa ofisi, mama wa makamo kutoka Busi kule Kondoa, aliyeipikia taasisi chai kwa miaka kumi na saba. Mkubwa akielekea masjala, Evodia alikohoa mara mbili koridoni. Ujira wake ulikuwa kusimuliwa. Saa nane mchana jikoni, yeye akisuuza vikombe, Bupe akiegemea mlango, mauaji yote ya mjini yalipita pale.

"Enhe, na yule mke?"

"Mke naye ana lake, dada Evodia. Usimwone vile."

"Nilijua! Yule mwanamke macho yake si mazuri."

Macho ya mke hakuyaona hata siku moja, ila alikuwa na uhakika nayo kuliko mwandishi mwenyewe.

Lakini mwaka huu Evodia alikuwa akisikiliza nusu nusu. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi kule Busi, upande mzima wa kulia ukafa, na Dodoma hataki hata kuisikia. Ofisi ya taasisi iliyoko Kondoa mjini ilikuwa na nafasi ya mhudumu. Evodia akihamia kule angepanga vyumba viwili, amchukue mama, amtunze mwenyewe. Orodha ya uhamisho ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ikishafungwa imefungwa, mpaka mwaka mwingine wa fedha. Mwaka mwingine wa fedha ni jambo dogo sana kwa aliyesimama. Kwa mama aliyelala kitandani hata kugeuka hawezi, ni habari nyingine. Basi, wiki moja kabla, Evodia akaandika barua yake ya maombi, akaambatisha cheti cha daktari, akaikabidhi masjala kwa Bupe, akisindikiza na sahani ya mihogo ya kukaanga.

Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, simu ya Bupe ikalia. Riwaya imetoka! *Marehemu Alirudi Jumatatu*, kitabu cha tatu cha Inspekta Tungaraza. Cha pili kilikuwa kimemwacha Inspekta ananing'inia kwenye paa la ghorofa kwa vidole vinne, na Bupe alikuwa amening'inia naye miezi saba. Alioga nusu, akapanda bodaboda, akafika Mtumba akamkuta mlinzi bado anapiga mswaki.

Mashine ikatema karatasi sitini na nne, za moto. Akazitoboa, akazitia folio, akatafuta jalada la kuzivika. Na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi. Mezani kulikuwa na jalada jipya la Evodia. La zamani lilikuwa limejaa, kwa hiyo Bupe alikuwa amemfungulia juzuu la pili, jalada safi, gumu, lenye jina na namba, na upande wa kushoto ameshaandika dokezo la kwanza: *Afisa Utumishi, tafadhali angalia folio 1 na kuendelea, ombi la uhamisho la mhusika. Naomba maelekezo.* Kilichobaki kilikuwa kufunga ile barua ndani na kulipandisha.

Akaona, aa, kwa asubuhi hii tu. Jalada binafsi la mtumishi hakuna mwenye adabu anayelichungulia. Akaifunga riwaya ndani yake. Barua ya Evodia na cheti cha daktari akaviweka kwenye droo, visije vikakunjamana, maana alikuwa mtu makini.

Akasoma. Alikuwa folio ya thelathini na moja, sura ya sita, Inspekta ameingia kwa mfamasia na taa imezimwa ghafla, alipomsikia Evodia akikohoa mara mbili. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Charles, alikuwa anapita mlango kwa mlango akiwaswaga watu ukumbini. Kulikuwa na semina ya dharura. Mada ilikuwa utunzaji wa nyaraka za siri. Bupe alifunga jalada, akaliweka pale mkono ulipofika, akaenda kukaa saa mbili na nusu akifundishwa kazi yake, huku roho yake yote iko gizani kwa mfamasia.

Aliporudi, jalada halipo.

Mkono ulikuwa umelifikisha kwenye trei ya majalada ya kutoka. Na trei ya kutoka ni himaya ya Mzee Batholomeo, anayebeba majalada toka enzi ofisi iko Dar es Salaam. Mzee Batholomeo haulizi. Kilichomo kwenye trei kinatoka, na ungemweka mtoto mchanga humo angempandisha ghorofani.

"Shikamoo, mzee. Lile jalada la Evodia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshalifikisha kwa Castory. Nililitanguliza, nikajua mwenzetu ana shida."

Angalieni jinsi wema unavyoua.

Bupe akakaa chini. Njia ya kiungwana ilikuwa moja: kupanda ngazi, kumwambia Castory, Afisa Utumishi, kwamba samahani, humo ndani kuna maiti wa mtu mwingine. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na cheti cha mfanyakazi bora ukutani. Bupe akajipa moyo kwamba Castory akifungua tu ataona, atacheka, atarudisha. Kijana mwenyewe msomi, ana shahada mbili. Atashindwaje kutofautisha mama mgonjwa na kichwa cha mhasibu mstaafu ndani ya friza?

Akasubiri acheke. Jumatatu ikapita. Alipita mlangoni kwa Castory mara tatu akijidai anatafuta stepla, akaliona jalada limekaa chini ya kompyuta, limeiinua kidogo ili shingo ya bwana mkubwa isiumie. Jumanne likahamia kwa Frida, mwanasheria. Bupe hakulala vizuri, na nisiseme uongo, nusu ya kukosa usingizi ilikuwa Evodia na nusu nyingine ilikuwa mfamasia. Faili lilikuwa bado kwenye simu, lakini karatasi alizokwisha kuzitia folio mwenyewe zilikuwa na utamu wake, na alijiwekea adhabu ya kutosoma mpaka jambo liishe. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake. Kumwambia mtu ukweli hakukuwemo.

"Imefika wapi, mdogo wangu?" Evodia aliuliza kila akileta chai.

"Iko kwa Frida, dada. Inasomwa."

"Mama kanipigia jana kwa simu ya jirani. Nimemwambia hivyohivyo, kwamba wanaisoma."

"Umefanya vizuri," Bupe akasema, akaitazama chai.

Alhamisi saa nne jalada likarudi. Mzee Batholomeo aliliweka mezani kwa heshima zote, na juu yake bahasha yenye jina la Evodia. Bupe akafungua upande wa kushoto, akasoma dokezo.

Castory alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana: *Nimepitia kwa makini folio 1 hadi 64. Sababu alizozieleza mtumishi, hasa katika folio 3, ni za kawaida na huwakuta watumishi wengi. Nashauri ombi lisikubaliwe.*

Folio ya tatu, kwa faida ya asiyekuwepo, ndipo friza ya bucha inapofunguliwa.

Frida akafuata: *Naungana na maoni ya Afisa Utumishi. Aidha, vielelezo vilivyoambatishwa havina muhuri wa mamlaka husika.*

Na chini kabisa, kwa wino wa kijani, Mkurugenzi: *Haikubaliki. Ajulishwe kwa upole.*

Bupe alicheka. Loo, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitambaa, machozi yakamtoka. Watu watatu, shahada tano, siku nne, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba mwombaji wa uhamisho ameuawa, amezikwa, na amerudi Jumatatu na bastola! Alitamani kumwita mtu amwonyeshe. Mtu pekee aliyezoea kumwonyesha vitu vya kuchekesha alikuwa Evodia.

Kicheko kikakatika chenyewe. Ile bahasha bado ilikuwa pale.

Na hapa itabidi niseme kweli, ingawa Bupe mimi nampenda. Mtu mwingine angeinuka saa ileile. Bupe alifunga mlango, akavuta kiti, akafungua folio ya thelathini na moja, akasoma mpaka mwisho. Alijiambia kwamba anatuliza akili. Akili ilitulia kwa dakika hamsini. Muuaji alikuwa mfamasia, yeye alikuwa amemshuku mlinzi wa bucha, akasonya.

Alikuwa bado anasonya mlango ulipofunguliwa. Evodia na chupa ya chai. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye bahasha.

"Hii si ya kwangu hii?"

"Dada Evodia, ngoja kwanza..."

Angoje nini? Alishaichana. Akafuta mikono kwenye aproni, akasoma polepole, midomo ikitembea. "'Baada ya kupitia kwa makini ombi lako pamoja na vielelezo ulivyoambatisha, tunasikitika...'" Akaishia hapo, akarudi mwanzo, akasoma tena yale maneno ya kwanza.

"Wamesoma," akasema.

Bupe akalivuta jalada karibu yake, akalifunga.

"Kama wangekuwa hawajasoma ningelalamika. Ningepanda juu nikapiga magoti. Lakini watu na elimu zao wamekaa siku nne, wamesoma habari za mama yangu mpaka mwisho, wakaona si kitu. Sasa nitamlalamikia nani? Labda kweli si kitu. Labda mimi ndiye namlilia kwa sababu ni mama yangu."

Akammiminia Bupe chai, akatia vijiko viwili vya sukari kama siku zote, akakunja barua yake, akatoka. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Bupe akafungua droo. Barua ilikuwa palepale, safi, haina hata kunyanzi, umakini wake wote umezaa matunda. Akakumbuka siku alipoletewa. Evodia alimwambia, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji wetu, nipitishie macho uone kama imekaa sawa, mimi Kiswahili cha ofisi kinanipiga chenga. Na Bupe, mlaji wa riwaya thelathini na mbili kwa mwaka, akaangalia tarehe ipo, sahihi ipo, akasema imekaa vizuri sana, dada, hapa hawana pa kutokea. Akarudi kwenye mihogo. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja.

Sasa akasoma. Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa mkono.

*Mama yangu hawezi kugeuka mwenyewe. Anayemgeuza ni jirani, akienda shamba mama anabaki alivyolala mpaka jioni. Mwezi wa pili nilipokwenda nilimkuta na vidonda mgongoni, akaniambia havimuumi, ili nisichelewe gari la kurudi kazini. Mimi siombi cheo wala nyumba. Naomba niwe karibu nimgeuze mwenyewe asubuhi na mchana na jioni. Chai nitapika hata Kondoa.*

Bupe aliwahi kusoma maiti zaidi ya mia, wa kisu, wa sumu, wa kamba, na hakuwahi kumlilia hata mmoja. Alililia ukurasa huu. Alilia kwa hasira, akimtukana Castory na shingo yake, akimtukana Frida na muhuri wake, akawatukana mpaka wakaisha, na walipoisha akajikuta amebaki peke yake chumbani. Castory aliandika *nimepitia kwa makini* mara moja, na wenzake wakamuunga mkono bila kufunua. Yeye alimwambia Evodia uongo huohuo uso kwa uso, tena akala mihogo yake.

Akafuta uso. Riwaya akaiacha humohumo ndani ya jalada, folio zake zote. Barua akaishika mkononi. Akapanda ngazi.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Bupe. Leo masjala imepanda yenyewe?" Bwana Charles alikuwa mtu mkubwa, mtulivu, mwenye kalamu ya wino wa kijani ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwa nayo.

"Naomba usome folio ya tatu, mzee."

Akalitazama jina kwenye jalada. "Hili nimekwishalisoma."

"Najua barua imesema hivyo. Naomba usome tena. Kwa sauti, kama hutojali."

Pengine ni kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba jambo la namna hiyo, akatii. Akavaa miwani, akafungua. "'Inspekta Tungaraza aliinua mfuniko wa friza. Kile alichodhani ni kabichi kilikuwa kinamtazama.'" Akafunua mbele, akafunua nyuma, akafunua mbele tena. "Hii ni nini?"

"Ni sababu za kawaida, mzee, zinazowakuta watumishi wengi. Castory ameandika hapo."

"Bupe!"

"Mimi ndiye niliyeiweka, kwa uzembe wangu. Ni riwaya yangu. Barua ya Evodia ilibaki kwenye droo yangu mpaka sasa hivi."

Mkurugenzi alivimba, jamani, mpaka tai ikasogea. "Unajua naweza kukufukuza kazi leo hii?"

"Najua, na ni haki yako. Ila itabidi uandike barua. Barua itataja jalada, na jalada lina sahihi yako." Maneno yalishatoka, akayaacha yaende. "Orodha inafungwa kesho, mzee."

Nje upepo wa Mtumba ulikuwa ukisukuma vumbi kwenye vioo. Bwana Charles akafunga jalada polepole, akaliwekea mkono juu.

"Hili jambo," akasema, "tusiliweke kwenye maandishi."

Taasisi nzima ilikuwa imejengwa juu ya kuweka mambo kwenye maandishi. Ila kwa leo, basi.

"Nipe hiyo barua." Akaipokea, akachomoa kalamu ya kijani, akaanza kuandika juu yake, *Imekub...*

"Hujasoma, mzee."

"Si nakubali? Unataka nini zaidi?"

"Ni ukurasa mmoja tu."

Akamtazama kwa macho ya kuua. Kisha akasoma. Mwanzoni alisoma kama anavyosoma kila kitu, akitafuta pa kuweka sahihi. Halafu kalamu ikashuka mezani. Alipofika mwisho akavua miwani, akaisafisha, ingawa haikuwa na kitu.

"Evodia ni yupi?"

"Ndiye anayekuletea chai, mzee. Kila siku saa nne."

"Mama Chai?"

"Ndiye."

"Anaitwa Evodia," akasema Bwana Charles, si kwa kuuliza. Akamalizia neno alilokuwa ameliacha katikati, akaweka sahihi, akaagiza barua mpya ichapwe kabla ya saa tisa. Bupe aliponyoosha mkono kuchukua jalada na riwaya yake, Mkurugenzi akaliburuta upande wake. "Hii itabaki hapa," akasema. "Ni kielelezo." Na kabla Bupe hajafika mlangoni alisikia karatasi zikifunuliwa, kurudi folio ya kwanza.

Saa tisa kasoro alikuwa mlangoni pa jiko na bahasha mpya. Evodia alikuwa anakausha vikombe vya kikao. Akaipokea, akaisoma, midomo ikitembea, akaisoma tena. Akaweka mkono kifuani.

"Ee Mungu wangu. Kondoa. Jumatatu ijayo." Akamshika Bupe bega. "Wamerudia kusoma! Mdogo wangu, umewaambia nini? Nilisema mimi, mtu akiisoma vizuri ile barua hawezi... Mungu ambariki yule mzee."

Ilikuwa rahisi kabisa. Bupe angesema amina. Angekumbatiwa, angepikiwa mihogo ya kuagana, na Evodia angekwenda Busi akamsimulie mama yake habari za rafiki yake wa masjala. Hakuna mtu angejua, maana Mkurugenzi mwenyewe ameshasema lisiandikwe. Bupe alilitazama lile jambo rahisi kwa muda. Kisha akasema yote: jalada, riwaya, trei, siku nne, kicheko, zile dakika hamsini. Hakuruka hata ukurasa.

Evodia alisikiliza kama alivyosikiliza mauaji yote ya jikoni mle, akikausha kikombe. Kikombe kilikuwa kimeshakauka zamani.

"Kwa hiyo ile siku uliponiambia imekaa vizuri, hukuisoma."

"Sikuisoma, dada."

"Na leo asubuhi. Niliposimama mbele yako nikasema labda mama yangu si kitu. Ulikuwa unajua kwamba hawakusoma."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nikutilie sukari."

Machozi yalikuwa yanamshuka Bupe, hakuyafuta. "Nisamehe, dada Evodia."

"Nitakusamehe. Mimi Mkristo, nina ujanja gani?" Akapanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja, akaiingiza barua mfukoni mwa aproni, akaigandamiza kwa kiganja kuhakikisha ipo. "Miaka kumi na saba hapa ofisini, na wa kumlilia wakati wa kuondoka nilikuwa na wewe peke yako. Nilishajiandaa kabisa, Bupe. Nilijua nitalia mpaka Kondoa." Akanyanyua sinia. "Sasa nitaondoka tu."